Kiraka cha Gauni la Maua

Nyumbani, mezani pa cherehani,
Jumapili alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika polepole na kwa mwandiko mzuri, maana nakujua. Ukiona imeandikwa haraka utasema mtoto huyu ameanza kukua vibaya. Goti linaendeleaje? Ulisema linakusumbua ukipanda ngazi za hapo kwenu, na kwamba lifti ikikwama nawe unakwama. Natumaini wameshaitengeneza. Kama bado, basi natumaini majirani wa chini wanakukaribisha upumzike njiani.

Sisi hatujambo. Bibi anakula vizuri na analalamika vizuri, ndipo tunapojua yuko salama. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi kila akisema neno lenye s. Kaka yako mzima, wifi yako mzima. Mimi mzima wa mwili, ila moyo umejaa kama mfuko wa vitambaa usiokubali kufungwa. Ulinipa jina la Kobe kwa sababu nikiulizwa jambo naingiza kichwa ndani. Kwenye karatasi kichwa hutoka, kwa hiyo vumilia, barua itakuwa ndefu.

Nilikueleza kwenye simu kwamba shule yetu inafanya mchezo wa kuigiza na kwamba nimepewa maleba, yaani mavazi ya waigizaji. Sikuendelea kwa sababu Baba alikuwa amekaa karibu. Utaona kwa nini.

Usidhani nilipewa kwa kipaji. Nilipewa kwa sababu mama yangu ni fundi cherehani, na kwa sababu walipouliza nani hataki, sikunyoosha mkono.

Mchezo ameuandika mwalimu wetu wa fasihi. Mume anasimamia mashine kiwandani, anaachishwa kazi, hamwambii mtu. Kila asubuhi anavaa, anaaga, anakwenda kukaa kwenye benchi mpaka jioni. Siku moja mama yake mzazi anakuja kuwatembelea, anapitia kiwandani kumsalimia, anaambiwa huyo hayupo hapa siku nyingi. Basi ukweli unafumuka. Mke anapigwa na butwaa, analia, anatoa hotuba ndefu kwamba amedanganywa, laiti angalijua. Pazia.

Nilipoisoma ile hotuba masikio yalipata moto. Shangazi, hebu niambie wewe. Nani anafua nguo za mtu, anazianua, anazikunja, halafu asijue mtu huyo anashinda wapi? Mke wa namna hiyo hayupo. Au yupo, lakini basi ana mtu mwingine wa kumfulia.

Nikajisemea, hotuba siwezi kuibadilisha, lakini nguo ni zangu.

Kumbe nguo nazo si zangu. Kila mtu alikuwa na neno. Anayeigiza mume tunamwita Ndevu, kwa sababu aliota ndevu mbili kabla ya wenzake na hajaacha kuzishika. Alitaka tai na viatu vya kung'aa. Anayeigiza mke tunamwita Malkia, na hilo halihitaji maelezo. Alitaka gauni jekundu la kubana. Nikamwambia, mumeo hana kazi.

"Kwani mke wa asiye na kazi hana kiuno?"

Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Jibu la kumpa lilinijia jioni, nikiosha vyombo. Ndivyo majibu yangu yalivyo, hufika mkutano umeshafungwa na viti vimeshapangwa.

Mwalimu yeye alitaka mume avae matambara, ili watu wajue ni fukara. Nilitaka kumwambia kwamba mtu anayeficha jambo havai matambara. Anayeficha ndiye hupiga pasi kuliko wote. Nilitaka kumwambia kwamba nguo haipaswi kumtangaza mtu kama bango, inapaswa kumponyoka. Haya yote nilikuwa nayo kichwani, mengine kwa lugha yetu ya nyumbani na mengine kwa ile ya darasani, ile ya vitabu vya jukwaa ambavyo nimevisoma maktaba mpaka majalada yameachia. Lugha mbili nzima, na sikupata sentensi moja. Nikasema, "Sawa, Mwalimu." Kisha nikaenda kufanya nilichotaka. Sisi wenye haya ndivyo tulivyo: tunakubali kwa mdomo, tunakataa kwa mikono.

Suruali ya mume niliipata kwenye nguo kuukuu. Ya kijivu, ya heshima. Mbele nikaipiga pasi mpaka mstari ukasimama wenyewe. Nyuma, makalioni, nikaisugua kwa jiwe kila siku baada ya masomo mpaka ikapauka, kwa sababu saruji ya benchi hula kitambaa taratibu. Mtu wa kusimama mbele ya mashine, suruali yake huisha magotini. Hii ilikuwa inaisha mahali pa kukalia. Hapo hapo, bila neno, umeshajua anashinda wapi.

Halafu nikaitia kiraka. Kiraka chenyewe nilikikata kwenye blauzi ya mke, blauzi ya maua ya njano, mgongoni, chini kidogo ya bega, mahali panapofunikwa na mtandio. Mume akiinama kufunga kamba za viatu, watu wanaona maua makalioni mwake, wanacheka. Lakini mwisho wa mchezo mke anavua mtandio autundike msumarini, anawapa watu mgongo, na hapo wanaona tundu. Umbo lilelile. Hasemi kitu. Wanajua kwamba alikuwa anajua, kwamba alikata nguo yake mwenyewe, akashona, na asubuhi akamwambia kazi njema.

Sikuwa na ujasiri wa kuyaeleza haya kwa mtu. Siku ya mazoezi niliwavalisha tu, nikamwomba Malkia afike mwisho, avue mtandio, ageuke, anyamaze. Mwalimu akatoa kalamu, akaipiga ile hotuba mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Shangazi, sijawahi kufurahi namna ile, na nilifurahi nikiwa natazama sakafu.

Malkia akanifuata mlangoni. "Umenikatia kilio changu," akasema. "Nilishakizoea mpaka machozi ya kweli yanakuja. Sasa nikasimame nimewapa watu mgongo wenye tundu, kama gunia lililoliwa na panya?" Tangu siku hiyo alinisalimia kwa nyusi.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe.

Alhamisi iliyopita chumba chetu cha maleba kilitakiwa kwa mitihani. Nikabeba mfuko wangu nyumbani, nikauweka kando ya cherehani ya Mama. Ni sawa na kuacha sufuria chafu mbele ya Bibi ukatarajia kuikuta bado chafu. Ijumaa asubuhi nilikuwa na mtihani. Niliporudi, mfuko umefungwa vizuri, nguo zimekunjwa pembe kwa pembe. Nikasema asante, nikaubeba mbio kwenda kwenye mazoezi ya mwisho. Sikufungua. Nani hufungua kitu kilichokunjwa na Mama?

Nilifungua mbele ya wote.

Kuna jirani kwenye mchezo, anakuja kumtazama mgeni. Shati lake jipya nililiacha na mikunjo ya dukani, ili watu waone kwamba limetolewa kwenye karatasi siku hiyohiyo. Lilikuwa limepigwa pasi. Kifungo cha sweta ya mama mkwe, nilichokiacha kining'inie kwa sababu yule mama hukizungusha akiwaza mabaya ya watu, kilikuwa kimekazwa. Hayo ningeyameza. Nikaitoa suruali. Kiraka hakikuwepo, na mahali pake palikuwa na kitambaa cha kijivu kilichoshonwa kwa kufuata uzi mmoja mmoja, mpaka mimi niliyepasugua kwa jiwe sikuona kilipoungwa. Nikaitoa blauzi. Kile kipande kilikuwa kimerudishwa kwao, mgongoni, kila shina limekutana na jani lake. Tundu hakuna.

Malkia akaivaa, akajigeuza mbele ya kioo. "Mwambie mama yako asante. Angalau kwenu kuna mtu mwenye macho."

Mwalimu aliitazama blauzi, akanitazama mimi. "Sasa mwisho wa mchezo uko wapi?"

Nilikuwa nimeushika mguu wa suruali kama mtu anayemwongoza kipofu.

"Kesho saa za asubuhi niione kama ilivyokuwa," akasema. "La sivyo tunarudisha hotuba."

Malkia alikuwa ameshaanza kukohoa, anaandaa machozi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nazungumza peke yangu. Nilijua kilichotokea, au nilidhani najua. Wifi yako unamjua. Hawezi kuona uzi umechomoza kwenye kola ya mtu asiyemjua, kwenye foleni, asiunyofoe. Nilijua amefungua mfuko, ameona kiraka cha maua kwenye suruali ya kijivu, akasema mwanangu huyu atanitia aibu, watu watasema mtoto wa fundi hajui hata kulinganisha rangi. Nikajiambia leo nitamweleza. Leo kichwa kitatoka.

Mama alikuwa kwenye cherehani, anamalizia mapazia ya mteja. Nikaiweka suruali mbele yake. Sikuitupa, Shangazi, lakini sikuiweka kwa adabu pia.

"Mama, kile kiraka kilikuwa cha makusudi."

Hakuacha kukanyaga. "Najua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Unajua?"

"Kiraka cha maua, kwenye suruali ya kijivu, makalioni, kimekatwa kwenye nguo ya mwanamke. Unadhani mimi nimeanza kushona jana?" Akavuta pazia, akaligeuza. "Baba yako atakuwepo kesho?"

"Ndiyo. Wazazi wote wamealikwa."

"Basi."

Sasa Shangazi, hapa ndipo ninapokuambia nisichopaswa kukuambia. Ile karakana ya Baba ilifunga mwaka jana, mapema. Ninyi huko hamkuambiwa. Hata sisi hapa ndani hatukuambiwa. Baba aliendelea kutoka kila asubuhi na mkebe wake wa chakula, na kurudi jioni, na akiulizwa kazi ilikuwaje anasema kazi ni kazi. Alipopata hii kazi nyingine ndipo aliposema amehama, kwa hiari, kule palikuwa na vumbi. Nawe ukampongeza kwenye simu.

Nilijua kwa sababu kupiga pasi ni zamu yangu. Siku moja niliigeuza ile suruali yake ya kijivu ndani nje, ninyooshe mifuko, nikaona kipande cha maua ya njano. Nje hukioni, Mama alikuwa amepaziba kwa uzi wa kijivu mpaka hata vidole havijui. Lakini ndani ameshikiza kwa kitambaa cha lile gauni ulilomletea wewe. Ulipokuja ukamuuliza mbona halivai tena, alisema limembana. Halikumbana, Shangazi. Lilikatwa pindoni.

Sikumwambia mtu. Nilipiga pasi, nikakunja. Kisha Mwalimu, asiyejua lolote la nyumbani kwetu, akatuletea mchezo wake wenye mke asiyejua kitu, nami nikautazama nikasema siyo hivyo, mimi najua ilivyo. Nikachukua. Nilichukua kama mtu anayechuma jani kwenye uzio wa jirani, bila hata kuuliza mti ni wa nani. Mpaka Ijumaa ile sikuwahi kufikiri kwamba Baba atakaa ukumbini na kulitazama.

"Alitoka hapa kila asubuhi nikamwambia kazi njema," Mama akasema. "Mpaka leo hajui kama nilijua. Na wewe hukutakiwa kujua."

"Mimi ndiye ninayepiga pasi, Mama."

Akacheka kwa pua, kidogo tu. Kisha akaacha kucheka.

"Mtu akiteleza barabarani akaanguka, nawe uko dirishani, unafanya nini? Unaangalia kwingine. Unamwacha asimame, ajipanguse, aende zake. Baba yako alishasimama. Sasa unataka kumwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba nilikuwa dirishani."

"Lakini kwenye mchezo mke anaonekana mjinga."

"Na akionekana mjinga nani amekufa?"

Nilitaka kusema, mimi. Kwa wiki zote hizi nimemtetea mwanamke wa kwenye karatasi kwa sababu yako wewe, Mama, na sasa unaniambia nimwache asimame pale alie kwa ujinga. Nilitaka kusema kwamba kazi yangu ndiyo kitu cha kwanza nilichowahi kusema mbele za watu bila kufungua mdomo. Unanijua, Shangazi. Machozi yalikuja kabla ya maneno, na mimi nikilia nakasirika kwa kuwa nalia, basi nikawa na mambo mawili ya kukasirikia.

Nikaichukua suruali. Nilipofika mlangoni nikasema, bila kugeuka, "Kama hajui kwamba ulijua, basi mpaka leo anadhani alikaa kwenye lile benchi peke yake."

Cherehani ikanyamaza.

"Nenda kaoge," Mama akasema. "Unanuka jasho la shule."

Sikula vizuri. Nilikuwa nimeamua kumwambia Mwalimu arudishe hotuba. Niliamua kwa hasira, si kwa wema, usinisifu. Nilijiambia, haya, na iwe hivyo, wote walie, wavae mekundu, Ndevu apewe tai yake.

Jumamosi asubuhi nilikuta suruali na blauzi mezani pa cherehani, zimelazwa kwa kufunuliwa, nyuma juu. Wembe ulikuwa umewekwa katikati yake. Nikatazama vizuri. Kwenye kona moja ya blauzi, pale mgongoni, nyuzi zilikuwa zimeshafumuliwa, chache tu, kama mtu aliyekufungulia mlango akauacha na ufa. Mama alikuwa nje anaanika nguo. Anaanika taratibu, shati moja kama anaanika shuka za hoteli.

Nikafumua zilizobaki. Nikashona kiraka upya. Mishono yangu ilitoka mibaya kuliko ya kwanza, na nikaiacha hivyo.

Ukitaka kujua onyesho lilikwendaje, niulize nikiwa nimetulia. Ndevu alitakiwa kuinama mara moja, ajifunge kamba, ainuke. Watu walipocheka, akalewa. Akainama tena. Akajitikisa. Akadondosha leso asiyokuwa nayo kwenye mchezo, akaiokota. Nilikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni, na kama nisingekuwa na pini ningemwita jina ambalo Bibi asingependa kulisikia. Mtu anayeficha suruali yake haendi kuitikisa. Wiki zote nilimweleza. Alinijibu, "Kobe, wewe shona, sisi tuigize."

Jirani wa kwenye mchezo alivaa shati lake lililopigwa pasi, sikupata muda wa kulikunja tena.

Kisha mwisho ukafika. Mama mkwe ametoka kwa hasira, mume amekaa kitini ameinamisha kichwa. Malkia akavua mtandio, akautundika msumarini, akabaki amewapa watu mgongo. Nilimwambia asifanye kitu. Nilimwambia hata vidole asivisogeze. Akalia. Bila sauti, lakini mabega yakaanza kutikisika, kile kilio chake alichonyimwa alikuwa amekuja nacho kwa mlango wa nyuma. Nikauma pini. Halafu nikaona kwamba tundu lilikuwa linapumua pamoja naye, linafunguka na kujifunga, na ukumbi mzima unalitazama. Mwanamke mmoja upande wa nyuma, ambaye simjui wala hatanijua, akasema kwa sauti ya jikoni, "Kumbe siku zote alikuwa anajua."

Nilichungulia mstari wa pili. Mama alikuwa anatazama jukwaa kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini. Baba hakuwa anatazama jukwaa. Alikuwa anamtazama Mama, upande wa uso wake, na mdogo wangu alikuwa katikati yao anapiga mluzi.

Pongezi zenyewe ndizo zilizonimaliza. Mwalimu alisimama mbele akashukuru kwa "mavazi safi na ya kupendeza." Safi na ya kupendeza. Mzazi mmoja akaniuliza kama nashona sare. Na mkuu wa shule akanipa mkono, akaniambia kazi nzuri, ila siku nyingine tukague vizuri, kwa sababu blauzi ya yule mama ilikuwa na tundu mgongoni na hakuna aliyeliona mapema. Nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Tulirudi kwa miguu. Mdogo wangu aliinama kila baada ya nguzo ya taa akijifanya Ndevu. Mara mbili hivi nilimsikia Baba anavuta pumzi kama anataka kuanza neno. Halikuanza.

Leo asubuhi nikiwa napanga vyombo, Baba akaniita. "Kobe, ile suruali yangu ya kijivu iko wapi?"

Nikamwonyesha, chini kabisa kabatini. Hajaivaa tangu aanze kazi mpya. Akaichukua, akasogea dirishani, akaigeuza ndani nje. Nilipaswa kuondoka. Sikuondoka, miguu ilikataa. Akakiona. Alipitisha kidole gumba juu ya yale maua, akarudi, akapitisha tena, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa maandishi madogo. Alikaa hapo mpaka mimi mwenyewe nikaona haya nikatazama nje.

Alikuja kwenye chai ameivaa.

Mama akamwona. Mkono wake wenye birika ukasimama hewani kidogo, ukaendelea.

"Hiyo imechakaa," akasema.

"Inanikaa vizuri," Baba akasema.

"Kunywa, chai inapoa."

Hayo ndiyo yote. Nilisubiri. Nilikunywa chai mpaka ikawa majani matupu, nikisubiri mmoja wao aseme jambo lolote, anigombeze, au aniambie ahsante, au hata wagombane wao kwa wao nijue nimeharibu. Mama alimwongezea mkate. Baba akauliza kama kuna sukari. Sasa hivi yuko nje anatengeneza mlango wa stoo na suruali hiyohiyo, na Mama amepeleka kiti chake kivulini karibu naye, anachambua mboga ambazo angeweza kuzichambulia jikoni. Hawazungumzi. Mimi nimekaa hapa ndani na hasira yangu yote, na sina wa kumpa. Sijui kama nilikosea au nilipatia. Katika nyumba hii hakuna atakayeniambia, kwa sababu katika nyumba hii watu husema kwa uzi.

Kwa hiyo nimekuambia wewe. Najua nimekutwika mzigo usio wako, na najua Baba akijua nimekuandikia nitaonekana sina siri. Lakini gauni lilikuwa lako kabla halijawa la Mama, nikaona una haki ya kujua lilikwenda wapi.

Nakuomba jambo moja tu, Shangazi yangu. Ukimpigia simu Baba, muulize kazi inaendeleaje, kama unavyomuuliza siku zote. Akisema kazi ni kazi, mpongeze. Wala usibadilishe sauti, ana masikio. Sasa na wewe uko dirishani pamoja nasi.

Msalimie sana Mjomba, mumeo, na mwambie ile redio aliyoniachia inashika vizuri nikiiweka juu ya cherehani. Wasalimie mapacha, wasikupandishe ngazi bila sababu. Bibi anakusalimia na anasema umekonda kwenye picha, ingawa picha ni ya kichwa tu. Mdogo wangu anakusalimia kwa mluzi.

Mungu akulinde, alilainishe hilo goti, na akufikishe kwetu tena ukiwa na afya na mizigo mizito.

Ni mimi, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna,

Kobe wako.

Kama kulibaki kipande cha kile kitambaa cha maua ulipolishonesha gauni, hata kidogo, nitumie. Nimepima pindo la Mama kwa macho. Linaweza kurudishwa.